Je, wajua kwa nini bamba la plau limepinda?

Simama mbele ya plau ya ng'ombe uitazame. Ulimi, yaani ile ncha pana inayokata ardhi, umelala chali karibu na ardhi. Juu yake kuna bamba la chuma ambalo huanza likiwa limelala vilevile, kisha kadiri linavyorudi nyuma hujiinua, hadi mwishoni likainamia nje, upande wa kulia. Fundi hakukosea. Ondoa huo msokoto, ulichobaki nacho ni kijiti cha kukwaruzia udongo.

Kijiti hicho kimelisha watu kwa maelfu ya miaka, na Ethiopia wanalima nacho hadi leo. Wanakiita maresha: mti wenye ncha ya chuma, unaokokotwa na ng'ombe wawili. Maresha hupasua ardhi na kusukuma udongo pande zote mbili bila kuugeuza. Kati ya mstari na mstari hubaki ukanda usioguswa, ndiyo maana mkulima hurudi akakatisha mistari ya kwanza, na shamba la tefu, nafaka ndogo ya huko, laweza kulimwa mara tatu, nne, hata tano kabla ya kupandwa. Usikidharau, lakini. Ni chepesi kiasi cha kubebwa begani, hutengenezwa kijijini, na hupenya kwenye mawe ambayo yangeikwamisha plau ya chuma.

Bamba lililopinda huondoa kule kurudiarudia. Ulimi ukishakata pande la udongo kwa chini, pande hilo hupanda juu ya bamba, hupindwa, hupasuka kwa sababu ya kupindwa, kisha huangukia kwenye mfuo uliotangulia, yaani mfereji ulioachwa na plau, majani yakiwa chini. Magugu yakikosa mwanga huoza humo humo.

Ila lazima vipimo vikubali. Ili pande liegemee vizuri juu ya mwenzake, upana wake uwe kama mara 1.4 ya kina. Plau inayokata upana wa sentimita 23 basi isizame zaidi ya sentimita 16 hivi. Ukilazimisha 20, pande husimama kwa ukingo au hurudi lilikotoka, na nyasi zitaendelea kumea kana kwamba hukupita.

Wachina walikuwa na bamba la chuma lililopinda tangu enzi ya Han, iliyokwisha mwaka 220. Ulaya walikaa muda mrefu na mabamba ya mbao, mazito na yenye kuganda udongo. Mwaka 1730 huko Rotherham, Uingereza, ilisajiliwa plau nyepesi iliyofunikwa kwa chuma sehemu zinazosuguliwa. Thomas Jefferson wa Marekani, yule aliyekuja kuwa rais, alikokotoa umbo la bamba lisilomchosha mnyama, akalieleza mwaka 1798 kwa namna ambayo seremala yeyote angeweza kuliiga.

Baadaye wahamiaji walipofika Illinois, Marekani, walikuta udongo mweusi unaonata kama ugali. Plau zao zilikuwa za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ambacho kina uso wenye vinyweleo. Udongo ukashika, na mkulima akawa anasimama kila baada ya hatua chache kukwangua. Mwaka 1837, katika kijiji cha Grand Detour, mhunzi John Deere alichukua msumeno uliovunjika, akatumia chuma chake cha pua kutengeneza plau laini iliyong'arishwa. Udongo ukateleza wenyewe.

Somo hilo bado linawapata watu kila msimu. Plau ikiachwa nje bila kupakwa grisi au oili chafu, kutu hula mng'ao wa bamba. Mvua zikianza, udongo hunata, na ng'ombe hukokota plau pamoja na bonge la tope.

Kutupa udongo kulia kuna gharama yake: plau nayo husukumwa kushoto. Ndiyo kazi ya bamba dogo refu la ubavuni, ambalo huegemea ukuta wa mfuo na kuizuia isiyumbe. Likilika, utashindana na mikono ya plau siku nzima. Na kwa kuwa mfuo uko kulia, ng'ombe wa kulia ndiye anayetembea ndani yake; akizoea njia hiyo, mistari hunyooka.

Sasa kosa linaloonekana mashambani kuliko yote. Plau inaruka haizami, na mwenye plau anakandamiza mikono kwa nguvu zake zote. Kukandamiza nyuma huinua ncha mbele! Ukitaka izame kwa hatua chache, nyanyua mikono kidogo. Ikiwa tatizo ni la kudumu, refusha mnyororo unaounga plau na nira pingili kadhaa, au uhamishie kwenye tundu la juu la kile chuma cha mbele chenye matundu. Kuufupisha au kuushusha hupunguza kina. Kuuhamishia kulia hufanya plau ikate upana mkubwa zaidi, kushoto hupunguza. Gurudumu liguse ardhi kwa wepesi tu; likichimba njia yake, ujue mnyororo umefungwa vibaya. Ukishajaribu hayo yote bila mafanikio, geuza plau uangalie ulimi. Ulimi mzima huinamisha ncha chini kwa milimita chache, na hicho ndicho kinachoivuta ardhini. Ukishalika ukawa mviringo, badilisha.

Plau ya diski, ambayo trekta nyingi hukokota, haitegemei mvuto huo. Sahani zake za chuma, zenye kipenyo cha sentimita 60 au zaidi, huzama kwa uzito, na zikikuta kisiki au jiwe hupanda juu yake na kushuka. Hufaa ardhi kavu ngumu na mashamba mapya, ila hufukia majani vibaya kuliko bamba.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aina ya plau inayoliponya. Ukilima kina kilekile kila mwaka, ulimi husugua na kushindilia udongo ulio chini yake, hasa ukiwa na maji mengi. Tabaka gumu hujengeka, mizizi ikifika hapo hukunja kona, maji hutuama juu. Chimba shimo la sentimita 30 na uchokoe ukuta wake kwa kisu kuanzia juu: mahali kisu kinapogoma ghafla ndipo tabaka lilipo. Huvunjwa kwa ripa, chombo chenye jino jembamba lisilogeuza udongo, lililoshushwa chini kidogo ya tabaka hilo wakati ardhi ni kavu. Kabla ya kufunga nira, finyanga udongo wa kina hicho kiganjani. Ukiviringika kama kamba bila kukatika, rudisha ng'ombe malishoni.