Treyi za mayai hazizuii sauti: dhana potofu za kurekodi muziki nyumbani

Anayeanza kurekodi nyimbo chumbani kwake hupewa ushauri kila upande, na sehemu kubwa ya ushauri huo humtoa pesa bure. Mimi naamini chumba na umbali wa mdomo kutoka kwenye maiki vina uzito kuliko bei ya chochote utakachonunua.

"Bandika treyi za mayai ukutani, sauti haitatoka wala kuingia."

Hii ndiyo iliyokita mizizi kuliko zote. Treyi ni karatasi nyepesi. Kuzuia sauti isipenye kunataka uzito na kuziba kila upenyo: ukuta wa tofali, mlango mzito, dirisha linalofunga sawasawa. Treyi hunyonya kidogo sauti nyembamba tu, besi hupita kama kawaida, na chumba hubaki kikivuma chini huku kimepoteza ung'avu juu. Tena karatasi hiyo hushika moto upesi, nawe umezungukwa na nyaya za umeme.

Hapa watu huchanganya mambo mawili: kuzuia kelele za nje na kupunguza mwangwi wa ndani. La kwanza ni kazi ya ujenzi. Kwenye nyumba ya kupanga, tafuta tu saa ambayo bodaboda zimetulia na mvua haipigi bati. La pili unaliweza leo hii, kwa godoro, mablanketi mazito au kabati lililojaa nguo. Unene ndio unaofanya kazi. Wimbi la sauti la hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde, yaani besi) lina urefu wa mita 3.4 hivi, kwa hiyo sponji ya sentimita 3 hailigusi. Halafu angalia unaliweka wapi godoro. Wengi hulisimamisha nyuma ya maiki, ilhali maiki nyingi za kuimbia husikia zaidi mbele, yaani upande uliosimama wewe. Mwangwi unaoharibu sauti ya kuimba hutoka kwenye ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Godoro liende huko.

"Maiki ya bei ndiyo inayoleta sauti ya studio."

Maiki ya kondensa, aina inayotumika sana studio, ina usikivu mkali. Kwenye chumba kitupu itanasa sauti yako, feni, jogoo wa jirani na kuta zote nne. Ya dainamiki, aina isiyo nyeti sana, hukusamehe zaidi, na si ya kudharauliwa: mhandisi Bruce Swedien alitumia Shure SM7, maiki ya dainamiki, kurekodi sauti ya Michael Jackson kwenye albamu ya Thriller ya 1982. Simama kama shibiri moja kutoka kwenye maiki. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako hupanda kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) huku mwangwi wa chumba ukibaki karibu pale pale. Inamisha maiki kidogo pembeni ili pumzi ya "p" na "b" isiigonge moja kwa moja.

"Rekodi kwa sauti ya juu kabisa, mita ya kupimia sauti iguse nyekundu."

Ushauri huu ulikuwa na sababu zama za kurekodi kwenye kanda, zilizokuwa na mvumo wao wa chinichini. Ukirekodi kidijitali kwa biti 24, ambapo mvumo huo si tatizo, acha vilele vya sauti viishie kati ya desibeli -12 na -6 kwenye mita, ambayo kikomo chake cha juu ni sifuri. Sauti iliyokatwa kichwa kwa kupita sifuri ni vigumu mno kuiponya, hata kwa prodyuza hodari.

Masta, yaani wimbo uliokamilika tayari kutolewa, nayo vivyo hivyo. Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo hadi karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika). Wimbo ulioukandamiza ili upige kelele kuliko wengine utashushwa tu, na mpigo wa ngoma uliouua haurudi.

"Bila spika kubwa huwezi kufanya miksi (kusawazisha sauti zote za wimbo)."

Spika kubwa ndani ya chumba kidogo hukudanganya kuhusu besi. Hedifoni nzuri inatosha kuanzia, mradi ulinganishe kila mara na nyimbo unazozijua vizuri. Punguza sauti unapofanya kazi, kwa sababu sikio huisikia besi kubwa zaidi kadiri unavyofungulia, na ukija kusikiliza taratibu utakuta imepotea. Mwisho ucheze wimbo kwenye simu. Kama gitaa la besi limetoweka, usiongeze besi ya chini ambayo spika ndogo haiwezi kuitoa. Pandisha masafa yake ya kati, kuanzia hezi 700 hivi.