Kompyuta Huona Tangazo, Haioni Chaja

Ukiipasua chaja ya simu mezani, kitu cha kwanza kutafuta ni pengo. Upande mmoja wa kibao chake kuna umeme wa ukutani, volti 240. Upande wa pili kuna volti 5 zinazoingia kwenye simu, ile simu unayoishika kitandani ikiwa bado inachaji. Kati ya pande hizo lazima pawe na milimita kadhaa za nafasi na transfoma iliyokingwa vizuri. Chaja mbovu huokoa gharama hapohapo: pengo hubanwa, kinga huachwa, na nje haionekani tofauti yoyote.

Ndiyo maana, watu wa hapa Kisumu wanaponiuliza kama akili unde (AI) itatufagilia bidhaa hatari mtandaoni, huwauliza kwanza: itaziona wapi?

Huona tangazo tu, lakini hilo nalo si haba. Umoja wa Ulaya una programu inayozunguka kwenye maduka ya mtandaoni ikisaka bidhaa ambazo tayari zimeorodheshwa kuwa hatari katika mfumo wao wa tahadhari, Safety Gate. Kila picha hugeuzwa kuwa safu ndefu ya namba, na picha zinazofanana hupata namba zinazokaribiana, hata muuzaji akiikata picha pembeni, akiigeuza au akibadilisha rangi ya nyuma. Kwa hiyo chaja iliyoondolewa sokoni leo, ikirudi kesho kwa jina jipya na picha ileile, hunaswa. Kisha afisa, binadamu, ndiye anayeamua. Kwa kanuni yao iliyoanza kutumika tarehe 13 Desemba 2024, soko la mtandaoni likiagizwa na mamlaka kuondoa tangazo la bidhaa hatari lina siku 2 za kazi kutekeleza.

Programu za aina hii huweza kusoma pia maneno. Hushtuka bei ikiwa chini mno, jina la mtengenezaji likikosekana, au plagi ikiwa ya miguu miwili ilhali soketi zetu ni za matundu matatu. (Wengi wetu huifungua soketi hiyo kwa kalamu. Acheni, tafadhali.)

Krimu za kung'arisha ngozi ndizo zinazozitoa jasho. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, awali uliweka kikomo cha miligramu 1 kwa kilo katika vipodozi, kisha ukaamua vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki viondolewe kufikia 2025, lakini hakuna kamera inayopima zebaki, na muuzaji mjanja haandiki neno hilo. Ataandika “inatoa madoa siku tatu”, akichanganya Kiswahili, Sheng na Dholuo katika sentensi moja. Programu iliyofunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza hupita hapo bila kugutuka, wakati mwingine ikamnasa mama anayeuza sabuni yake halali ya mwarobaini. Makosa ya namna hiyo huumiza biashara ndogo, na kwa maoni yangu hakuna tangazo linalopaswa kufutwa kwa neno la mashine peke yake.

Tena biashara yetu kubwa haipo kwenye tovuti. Ipo kwenye stetasi za WhatsApp na vikundi vya kufungwa, mzigo ukipakiwa kwenye matatu kwenda Siaya, Busia au Kakamega. Programu ya kuzunguka tovuti haibishi hodi huko. Wewe uko humo tayari.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba picha ya nyuma ya bidhaa, si ya mbele. Kama imetengenezwa nchini na ina alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, chini ya alama kuna namba ya kibali. Tuma SM# ukifuatisha namba hiyo kwa 20023, kisha linganisha jina la kampuni na bidhaa utakayotajiwa na kile kilichoandikwa kwenye pakiti. Alama yenyewe huchapishwa na yeyote mwenye printa, kwa hiyo namba ndiyo ya kukaguliwa. Muuzaji akisema namba “imefutika”, tafuta mwingine.

Na ukishauziwa kitu kikakuwasha ngozi au kikatoa moshi, piga picha ya tangazo kabla halijafutwa, hifadhi jina la akaunti na ujumbe wa M-Pesa, kisha upeleke malalamiko ofisi ya KEBS. Ipo Kisumu, ipo na Nakuru. Bidhaa yenyewe ibebe hata kama imeungua nusu, pamoja na boksi lake, kwa sababu pengo lile la milimita kadhaa hupimwa kwenye chaja yenyewe.