Chemshabongo ya hesabu ni nini hasa?

Chemshabongo ya hesabu ni swali linaloulizwa kwa maneno machache, lisilodai elimu kubwa ya hisabati, lakini jibu linalokujia kwanza mara nyingi silo. Zoezi la darasani hupima kama unaijua kanuni. Chemshabongo hupima kama umelisoma swali lilivyo, au ulivyozoea.

Chukua swali alilolitumia mtafiti wa Marekani, Shane Frederick, mwaka 2005. Gongo la kuchezea na mpira wake kwa pamoja ni dola 1.10. Bei ya gongo imezidi ya mpira kwa dola 1. Mpira ni bei gani? Wengi hujibu upesi: senti 10. Haya, tulipime jibu hilo. Mpira ukiwa senti 10, gongo litakuwa dola 1.10, na vyote viwili vitafika dola 1.20. Imezidi dola 1.10. Jibu ni senti 5, na gongo dola 1.05. Hapo hakuna hesabu zaidi ya kujumlisha na kutoa. Kinachoponza ni kwamba akili imejisomea "gongo ni dola 1", jambo ambalo swali halikulisema.

Yapo maswali mengine yanayopewa jina hili ilhali ni hila ya maneno tu: kuna habari umenyimwa, kisha unachekwa kwa kutoijua. Kwangu hayo hayastahili. Chemshabongo ya haki inakupa kila kitu, na jibu unaweza kulihakiki mwenyewe.

Iliyozua ubishi mkubwa kuliko zote pengine ni ile ya milango mitatu, aliyoitoa mtakwimu Steve Selvin mwaka 1975. Nyuma ya mlango mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Unachagua mmoja. Mwendeshaji wa mchezo, ambaye anajua gari lilipo, anafungua mmoja kati ya ile uliyoiacha na kukuonyesha mbuzi. Ndivyo afanyavyo kila mara. Kisha anakuuliza: unabaki hapo hapo au unahama?

Karibu kila mtu husema ni mamoja, kwa kuwa imebaki milango miwili. Mwaka 1990 mwandishi wa safu Marilyn vos Savant aliandika katika jarida la Marekani la Parade kwamba ni heri uhame, akamiminiwa maelfu ya barua za kumpinga, nyingine za wenye shahada za uzamivu. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Chaguo lako la kwanza lina nafasi 1 kati ya 3 ya kupatia, kwa hiyo mara 2 kati ya 3 gari limo katika ile miwili uliyoiacha. Mwendeshaji habahatishi; anakuondolea mbuzi kwa makusudi, na nafasi zote 2 zinaangukia mlango mmoja uliobaki. Badili sharti moja tu, mwendeshaji awe hajui gari lilipo na mbuzi ameonekana kwa bahati, na nusu kwa nusu inakuwa kweli. Ndiyo maana sharti hilo halifai kurukwa.

Wakati mwingine jibu ni kwamba haiwezekani, na hilo nalo ni jibu kamili likithibitishwa. Watu wa Königsberg, mji uliogawanywa na mto, walijiuliza kama mtu anaweza kuyavuka madaraja 7 ya mji wao bila kurudia hata moja. Mwaka 1735 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa njia hiyo haipo. Kila ukiingia kipande cha nchi kavu kwa daraja moja, sharti utoke kwa jingine. Basi idadi ya madaraja ya kila kipande iwe shufwa, isipokuwa pale unapoanzia na unapoishia. Mji ulikuwa na vipande vinne, na vyote vilikuwa na witiri: kimoja madaraja 5, vingine 3 kila kimoja. Kutoka katika hoja hiyo fupi ndipo ilipochipuka nadharia ya grafu, tawi la hisabati linalochunguza vituo na njia zinazoviunganisha, inayotumika leo kutafuta njia ndani ya mitandao ya kompyuta.