Bahasha Nene Haitoshi Kulinda Sarafu ya Kale

Wakusanyaji wengi wa sarafu hapa Mombasa huamini kwamba bahasha nene yenye sponji inatosha kutuma sarafu ng'ambo. Si kweli. Kinachoziharibu zaidi njiani ni kule kuchezacheza. Chukua rupia ya fedha ya 1888, ile yenye jina la Mombasa: ikiachwa huru, ukingo wake hugongana na nyingine, na mlio humwambia kila anayeishika bahasha kilichomo. Mashine za kuchambua barua nazo huweza kuchana bahasha, sarafu ikadondoka.

Tia kila moja kwenye kikasha cha plastiki ngumu kinachoikaza, kibane kati ya kadibodi mbili, funga pande zote kwa selotepu, kisha weka ndani ya boksi. Litikise karibu na sikio. Ukisikia chochote, fungua uanze upya. Vifuko laini vya plastiki ya PVC viepuke kabisa, tena kabisa: hutoa kemikali inayoacha utando wa kijani kwenye fedha na shaba.

Kanuni za Umoja wa Posta Duniani haziruhusu sarafu kwenye barua ya kawaida, basi isajili au ikatie bima. Fomu ya forodha ijaze kwa ukweli. Ukificha thamani, ikipotea utadai fidia ya nini?