Chatu hakohoi: tunayoambiana Lubumbashi kuhusu nyoka mwenye mafua

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Lubumbashi huingia mpaka mifupani. Mji uko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kabla ya mapambazuko kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10. Ndipo sisi wachache tunaofuga nyoka tunapoanza kupigiana simu. "Yaya, chatu wangu anatoa povu puani, nimpe nini?" Majibu yanayozunguka huwa yameazimwa kutoka kwenye mafua ya binadamu, na mwili wa nyoka hauko hivyo.

"Nyoka ana damu ya baridi, baridi haimdhuru."

Hii naiogopa kuliko zote. Damu ya nyoka si ya baridi wala ya moto. Inafuata joto la mahali alipo. Hawezi kujitengenezea joto kama sisi, hivyo analitafuta juani, juu ya jiwe, chini ya taa. Chatu anataka upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 30 hadi 32, na mwingine 25 au 26, ajichagulie mwenyewe. Akilala usiku kadhaa kwenye nyuzi 15, kinga yake inalegea. Bakteria kama Pseudomonas na Aeromonas, ambazo hukaa hata kinywani mwa nyoka mzima bila kumsumbua, hupata nafasi ya kushuka mapafuni.

Watu huniuliza: mbona chatu wa porini huku Katanga wanapitisha baridi hiyohiyo? Chatu wa porini ana shimo la muhanga la kujificha usiku, na asubuhi anatoka kuota jua. Wa kwetu amefungiwa kwenye sanduku juu ya sakafu ya sementi. Hana pa kwenda.

"Umeme ukikatika, weka mbabula (jiko la makala, yaani makaa) chumbani."

Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, na bado naumia nikikumbuka. Chumba kilipata joto, nikaenda kulala nikiwa na amani. Asubuhi nilimkuta chatu ameinua kichwa, kinywa wazi, anavuta hewa kwa shida. Moshi na majivu ya makala huchoma njia ya hewa, na kaboni monoksidi inayotoka humo haina harufu. Inaua mtu kama inavyoua nyoka. Siku hizi najaza maji ya moto kwenye chupa, nazifunga kwa kitambaa kizito ili zisimuunguze, nazipanga upande mmoja wa kizimba, kisha nafunika blanketi juu bila kuziba matundu ya hewa. Saa nane usiku naamka kubadilisha maji.

"Hakohoi, basi si mgonjwa."

Hakohoi kwa sababu hawezi. Sisi tuna msuli mpana chini ya mbavu unaotusaidia kuvuta hewa nyingi na kukohoa kwa nguvu hadi kamasi itoke. Nyoka hana msuli huo. Anapumua kwa kutanua na kubana mbavu. Pafu lake ni refu, na sehemu yake ya nyuma ni mfuko wa hewa tu usio na mishipa mingi ya damu. Kamasi ikishuka humo inatuama, inaganda, na bakteria huzaliana kwa raha. Ndiyo maana ugonjwa unaoanza kwa povu dogo unaweza kugeuka nimonia wakati mwenye nyoka bado anasubiri kusikia kikohozi.

Kwa hiyo tuangalie dalili nyingine. Mapovu puani au pembeni mwa kinywa. Kamasi inayonyooka kama uzi ukifungua kinywa taratibu. Sauti ya kukwaruza au ya kugongagonga kila anapopumua, hata akiwa ametulia. Kinywa kubaki wazi. Kichwa kuinuliwa juu kwa muda mrefu, maana hivyo hewa inapita vizuri kidogo. Akifika hatua ya kupumua kwa kinywa wazi, usisubiri kesho.

Wengine husema sauti hiyo ni hasira. Ile "ssss" ya hasira inakoma ukimwacha peke yake. Sauti ya ugonjwa haikomi. Tahadhari moja tu: nyoka anayekaribia kujivua gamba anaweza kupiga mluzi puani kwa sababu ya kipande cha ngozi kilichonasa. Gamba likishatoka lote, mluzi huondoka nalo. Usipoondoka, mpeleke kwa veterineri, daktari wa wanyama.

"Mfukize majani ya mkaratusi."

Hapana. Mvuke wa moto utamuunguza, na mafuta makali ya mkaratusi au ya menthol huwasha pafu ambalo tayari lina kidonda. Veterineri ana mashine inayogeuza maji ya chumvi au dawa kuwa ukungu mwembamba usio na moto, nyoka akauvuta polepole. Hiyo ni tiba nyingine kabisa.

Kuna pia wanaosema unyevu ndio unaleta mafua, kwa hiyo kizimba kikaushwe kabisa. Ubaya uko kwenye unyevu ukiandamana na baridi na uchafu: matandiko yaliyolowa, hewa isiyotembea. Hewa kavu kupita kiasi nayo, kama ile ya kiangazi chetu chenye vumbi na moshi wa mioto ya porini, hukausha njia ya hewa na gamba hukataa kutoka vizuri. Bakuli pana la maji upande wenye joto husaidia sana.

"Mpe kapsuli za tetra (tetrasiklini, antibiotiki ya watu), au ile dawa ya kuku kwenye maji."

Hapa tunapoteza nyoka na pesa. Nyoka mgonjwa hanywi maji ya kutosha kupata kipimo chochote, na dawa inayouzwa farmasia kwa ajili ya mtu mara nyingi haizigusi Pseudomonas. Veterineri akiweza huchukua ute kutoka kwenye njia ya hewa na kuupeleka maabara, ili ajue ni bakteria gani na dawa gani inaiweza. Dawa huingia kwa sindano, kwenye misuli ya sehemu ya mbele ya mwili, kwa kuwa damu inayotoka nyuma inaweza kupitia figo kwanza. Antibiotiki ya ceftazidime, kwa mfano, hupigwa kila baada ya saa 72, kwa sababu mwili wa nyoka huitoa dawa polepole. Mtu aliyezoea vidonge vya kutwa mara tatu anaona kama nyoka ametupwa, hajatupwa.

Sindano bila joto ni kazi bure. Wakati wa tiba tunamweka kwenye joto la juu la kiwango chake, usiku na mchana, maana hapo ndipo kinga na dawa zinapofanya kazi. Povu likikauka baada ya sindano mbili, endelea. Tiba hii huchukua wiki kadhaa, na ukiikatiza, bakteria zilizobaki ndizo zilizo ngumu zaidi. Usimlazimishe kula. Atatapika, na chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya wanyama, kwa hiyo wa kuuliza tunao hapahapa mjini. Mwambie veterineri mapema kwamba unaleta nyoka, na uende na uzito wake wa gramu pamoja na joto la kizimba ulilolipima kwa kipimajoto. "Pana joto kidogo" si kipimo.

"Ataambukiza watoto mafua."

Mafua ya watoto hayatoki kwa nyoka. Yanayotoka kwake ni mengine: bakteria ya Salmonella, na kimelea kiitwacho Armillifer armillatus, ambacho hukomaa ndani ya mapafu ya chatu na ya baadhi ya nyoka wenye sumu. Mayai yake hutoka na kamasi na kinyesi, na mtu akiyameza, viluwiluwi hujificha kwenye ini na matumbo yake. Anayeshika chatu mgonjwa, au anayepika nyama ya nyoka, anawe mikono kwa sabuni, na nyama hiyo iive kabisa.

Na si kila ugonjwa wa mapafu una sindano yake. Kuna virusi vya nyoka, kama ferlavirus iliyogunduliwa Uswisi miaka ya 1970, na nidovirus ya chatu iliyoelezwa mwaka 2014; antibiotiki haziviui. Nyoka mpya, hata akiwa mzima machoni, akae chumba tofauti miezi mitatu au zaidi, na bakuli lake na kulabu ya kumwinulia visiguse kizimba cha mwenzake.