Usiondoke Mezani Kabla ya Ukoko

Jumamosi usiku nilitoka jikoni mbio, taulo begani, kwa sababu nilimwona mhudumu akinyoosha mkono kuondoa chungu cha fondue, yaani jibini iliyoyeyushwa ya kuchovya mkate, kwenye meza ya dirishani. Walioketi pale ni mama mmoja wa Tanga na wanawe wawili wanaofanya kazi Geneva. Nilikuwa nimekisikia Kiswahili chao tangu walipoingia.

"Shikamoo mama. Samahani, hicho chungu bado hakijaisha."

Akaitikia, akachungulia ndani. Mkate ulikwisha, jibini ilikwisha, chini kumebaki utando wa rangi ya dhahabu. Nikapitisha mwiko bapa pembeni, utando ukabanduka mzima, nikauvunja vipande vitatu. Alipotafuna cha kwake akanitazama: "Kumbe ni ukoko!"

Ndiyo, ni ukoko. Hapa unaitwa religieuse, yaani mtawa, na watu wa Savoie, eneo hili la milimani Ufaransa, huugombania kama tunavyougombania ukoko wa wali wa nazi nyumbani. Inaniuma kuona mgeni aliyesafiri, akalipa, akaondoka bila kuuonja kwa sababu tu hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana naandika haya.

Napika Annecy, mji wa kando ya ziwa chini ya milima ya Alps upande wa Ufaransa, katika mgahawa ambao karibu kila chakula chake ni jibini. Ukiingia mgahawa wa namna hii utakutana na majina matatu: fondue (tamka fondyu), raclette (raklet) na tartiflette (tartiflet). Nianze na fondue, maana ndiyo inayoharibika haraka kuliko zote.

Kwa kila mtu napima gramu 200 za jibini ngumu. Nachanganya Beaufort, Comté ya milima ya Jura, na Emmental ya hapa Savoie. Chungu nakisugua kitunguu saumu, namimina mvinyo mweupe wa bondeni, ule mchachu, unapata moto, kisha jibini iliyokwaruzwa inaingia kidogo kidogo huku nakoroga. Mvinyo ule haukuwekwa kwa ajili ya ladha peke yake. Ndani ya jibini, protini zimeshikana kwa kalisi, yaani kalsiamu, madini ya kwenye maziwa. Asidi ya zabibu huivuta ile kalisi, protini zikalegea, zikateleza, zikabaki zimeyashika mafuta na maji pamoja. Ndipo unapata uji mzito unaong'aa.

Asidi ikipungua, au moto ukizidi, kila kitu kinaachana. Majira yangu ya kwanza ya baridi huku, kabla sijaanza kazi hii, nililetewa chungu cha namna hiyo mahali fulani: donge gumu kama mpira chini, juu yake maji ya manjano yenye mafuta. Nilikula nikidhani ndivyo ilivyo. Leo najua dawa yake: kijiko cha wanga wa mahindi uliokorogwa na mvinyo baridi au maji ya limau, moto ushushwe, ukoroge kwa nguvu mpaka irudi. Kwa hiyo ikikutokea, usinyamaze. Mwite mhudumu, inatengenezeka.

Mezani kazi inakuwa yako. Jiko dogo lililo chini ya chungu liwe na moto mdogo, jibini itoe mapovu machache ya uvivu, isichemke. Mkate mzuri ni wa jana, kwa sababu laini hukatikia ndani. Choma kipande kwa uma mrefu hadi upite ganda, halafu kila unapochovya, koroga mpaka chini. Anayechovya juujuu tu anawaachia wenzake chini iungue. Ni adabu ileile ya sinia, unakula ukiwafikiria wenzako. Ule uma pia usiutie mdomoni. Shusha kipande kwenye sahani yako, ukile kwa uma wa kawaida.

Tartiflette ni viazi, vitunguu na vipande vya nyama ya nguruwe, juu yake jibini ya Reblochon iliyopasuliwa katikati, ganda likitazama juu, vyote vikaingia oveni. Wengi hudhani ni chakula cha mababu. Mababu walikuwa na péla, viazi vya kukaangwa na jibini. Tartiflette yenyewe ilienezwa miaka ya 1980 na watengenezaji wa Reblochon waliotaka jibini yao inunuliwe zaidi. Jibini yenyewe ndiyo ya kale. Inasimuliwa kwamba wafugaji wa bonde la Thônes walilipa kodi kulingana na maziwa waliyokamua, basi mwenye ardhi alipokuja kupima walikamua nusunusu. Akishaondoka, walirudi kwa ng'ombe kukamua mara ya pili, kitendo wanachokiita reblocher. Yeyote aliyefuga anajua kwamba maziwa ya mwisho ndiyo yenye malai. Ndiyo sababu Reblochon ni laini na nono vile.

Sasa niwaambie ndugu zangu Waislamu, maana ndio wanaoniuliza zaidi. Fondue ya kawaida ina mvinyo, na mara nyingine kirsch, pombe kali ya cheri. Msidanganywe kwamba yote inapotea motoni. Kwetu, ukipiga simu siku moja kabla, naipika kwa maji ya tufaha na limau, na inatoka vizuri. Tartiflette nayo inapikika bila nyama ukiagiza mapema. Lililo rahisi zaidi ni raclette: jibini huyeyushwa kwenye moto, ikakwanguliwa juu ya viazi vya kuchemsha, ukala na achari ya matango madogo na vitunguu. Nyama zake za nguruwe huja kwenye sahani ya pembeni, sema tu zisiletwe. Ila jibini nyingi za huku hugandishwa kwa kimiminika kitokacho tumboni mwa ndama, hilo nalo mlijue ili mpime wenyewe.

Na wale wanaoogopa maziwa kwa sababu ya tumbo: jibini ngumu iliyokaa muda mrefu, kama Beaufort ambayo haiuzwi kabla ya miezi 5, karibu haina tena ile sukari ya maziwa inayosumbua. Kinachowalemea wengi ni wingi wa mafuta. Agizeni saladi ya majani na chai ya rangi ya moto. Watafiti wa Zurich walilipima jambo hili mwaka 2010, wakaona mvinyo ndio unaochelewesha chakula kutoka tumboni kuliko chai.

Turudi kwenye ukoko. Jibini ikibaki nene kama kidole chini ya chungu, acheni kuchovya kwa muda. Mkipenda, pasueni yai moja humo mkoroge, wenyeji wengi hufanya hivyo. Mkitaka ukoko mkavu, msiweke. Pandisheni moto kidogo, msubiri bila kugusa mpaka kingo zianze kujikunja na harufu iwe ya karanga za kukaangwa. Zimeni jiko, bandueni kuanzia pembeni, na mgawane ukiwa bado wa moto.