Je, wajua kwa nini shamba humwagiwa maji kabla ya kukatwa ploti?

Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Ukiikata ploti za futi 50 kwa 100 zitatoka nane, na nafasi kidogo ya njia. Hesabu hiyo kila dalali wa Malindi anaijua kwa kichwa. Ile ya choo haisemwi, na mnunuzi huja kuigundua akishajenga.

Mashamba ya Ganda au Kakuyuni yakigeuzwa makazi, kila nyumba hutegemea tangi lake la septiki. Wengi hudhani tangi ndilo linalosafisha. La, lenyewe hutenganisha tu: uchafu mzito hutuama chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati, ambayo bado yana vijidudu tele, hutoka kwenda kwenye shimo la kunyonya. Kazi ya kusafisha hufanywa na udongo. Punje zake huchuja vijidudu, na bakteria wanaoishi katika udongo wenye hewa huumeng'enya uchafu uliobaki. Kwa hiyo maji yanatakiwa yapite taratibu, lakini yapite.

Ndiyo maana mtaalamu huchimba shimo dogo, hulijaza maji na kuliacha lilowe usiku kucha, maana udongo mkavu hunywa kwa pupa na kukudanganya. Kesho yake hujaza tena, akaketi na saa na rula. Kipimo kinachotumika sana ni muda wa maji kushuka inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu. Yakichukua zaidi ya saa nzima, udongo ni mzito, na maji machafu yatarudi juu uani. Mfinyanzi wa bonde la mto Sabaki una tabia hiyo. Yakishuka chini ya dakika moja, yanapita kabla hayajachujwa.

Hapo ndipo pwani yetu inapowachanganya watu. Ukanda wa bahari umekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango, na utamsikia mtu akijisifu kwamba shimo lake halijajaa miaka kumi. Mimi sifa hiyo hunitia wasiwasi. Maji hayo yameingia ufa na kwenda zake, na huenda yametokea kwenye kisima cha jirani.

Umbali unaopendekezwa mara nyingi kati ya shimo la choo na kisima ni mita 30, na penye mwamba wa nyufa inafaa uzidi hapo. Sasa rudi kwenye ploti yetu: ni kama mita 15 kwa 30. Ukichimba kisima pembe hii na choo pembe ile ya mkabala, unapata mita 34 hivi, hongera. Lakini jirani naye ana choo chake, na ploti yake ina upana wa mita 15 tu. Bikoni, zile alama za mipaka ya ploti, hugawa ardhi ya juu; maji ya chini hayazijui.

Msimu nao una neno. Shimo lililopimwa kaskazi, jua likiwaka, linaweza kufurika mvua za mwaka, yaani masika, zikishuka. Usipoweza kungoja, chimba hadi kimo cha mtu utazame rangi: udongo mwekundu au wa kahawia hupata hewa, wenye mabaka ya kijivu hukaa majini sehemu ya mwaka. Chini ya shimo la kunyonya panatakiwa pabaki kama mita moja na nusu ya udongo mkavu hadi kufika maji.

Lamu jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa maji matamu ya mji hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, yakielea juu ya maji ya chumvi.

Kwa ekari ile ya Ganda, kipimo kikitoka kibaya, nane huenda zikawa nne, au visima vikaachwa na watu wakavuta maji ya bomba. Dalali hatapenda.